Bi Samahani Hakukiri Kosa

Kuna watu wakikanyagwa mguu hutukana. Kuna wanaosaga meno wakanyamaza. Halafu kuna Bi Samahani, ambaye ukimkanyaga anakuomba radhi yeye, kwa kuweka mguu wake mahali ulipotaka kukanyaga wewe.

Jina hilo alipewa na wenzake kiwandani, na wala hawakumpa kwa dharau. Lilimkaa tu. Akigonga meza kwa nyonga, samahani. Akipishana na mtu mlangoni, samahani. Siku moja walimkuta akiiomba radhi ndoo aliyoipindua mwenyewe, wakacheka hadi wakajibwaga juu ya mabunda ya mashuka. Naye akacheka nao, machozi yakamtoka, kisha akawaomba samahani kwa kuwachelewesha kazi.

Alilelewa na bibi yake, mwanamke aliyeamini kwamba neno la upole halimpunguzii mtu kitu. Mtoto akakua hivyo, akaolewa hivyo, na akawa mjane hivyohivyo. Watu wanasimulia mpaka leo jinsi siku ya msiba wa mumewe alivyokuwa akizunguka na macho mekundu, akiwaomba radhi waliokuja kumpa pole kwa sababu viti havikutosha. Ungefanya nini na mtu kama huyo? Wengi walimpenda. Na wachache, kama ilivyo kawaida ya dunia, walimwona mteremko.

Kazi yake ilikuwa udobi, lakini si ule wa beseni na kamba uani. Kilikuwa kiwanda kizima cha kufulia, jengo refu la mabati nyuma ya karakana ya magari, linalopokea mashuka ya hospitali na ya nyumba za wageni kwa magunia. Ukiingia, joto linakupokea kabla ya bawabu. Nyuma kabisa ni mashine za kufua, zinazonguruma kutwa. Katikati ni za kukaushia. Na mbele, karibu na madirisha, ndipo ilipokaa mashine ya kupigia pasi, yenye rola mbili ndefu za moto, kila moja nene kuliko mtu. Wanawake wawili wanasimama upande huu wakiingiza shuka likiwa na unyevu, wawili wanasimama upande wa pili wakilipokea limenyooka, linafuka mvuke.

Bi Samahani alikuwa upande wa kuingizia, na hapo, ndugu yangu, upole uliisha. Hapo alikuwa bingwa na alijijua. Pindo lake halikupinda. Pembe zake zilikutana zikabusiana. Shuka likipita mikononi mwake, muuguzi wa hospitali alilitambua hata likiwa katikati ya bunda. Kila mfanyakazi mpya aliletwa kwake kufundishwa, na katika miaka yote aliyosimama pale hakuwahi kuunguza shuka hata moja. Ukitaka kumwona Bi Samahani akikunja uso, mwambie tu kwamba shuka fulani lina kunyanzi.

Mbele ya rola hizo palikuwa na chuma cha kinga, ufito mrefu uliolala kutoka upande mmoja hadi mwingine. Kazi yake ilikuwa moja: mkono ukisogea mno ukakigusa, mashine inasimama papo hapo. Chuma hicho kilianza kulegea, kikawa kinasimamisha mashine hata bila kuguswa, na magunia yakawa yanarundikana. Asubuhi moja msimamizi akakifungua kwa spana, akasema kinapelekwa kwa fundi kuchomelewa, kitarudi wiki hiyohiyo.

Hakikurudi. Wiki zikapita, wanawake wakakifanya mzaha wao. Akiuliza mtu, "Jamani, chuma kiko wapi?" jibu lilikuwa tayari: "Kimekwenda kwao kusalimia." Msimamizi mwenyewe, mwanamume mnene wa kicheko chepesi, akiwapita akisikia, alichangia: "Kina ukoo mkubwa, bado hakijamaliza kusalimia!" Wakacheka wote, wakaendelea kuingiza mashuka.

Basi siku ikafika. Lilikuja shuka lenye pindo lililofumuka, uzi wake umening'inia kama kitanzi. Bi Samahani akalinyoosha, akalisukuma, na uzi ukamnasa vidole. Rola hazijui huyu ni nani. Zikavuta. Aliyekuwa pembeni yake, mwanamke mrefu waliyemwita Twiga, alipiga ukunga akaruka kwenye swichi ya ukutani, akaizima. Lakini vidole viwili vya mkono wa kulia vilikuwa vimeshapita, na ngozi ya mgongo wa mkono imeungua.

Msimamizi alikuja mbio. Na huyu mama, damu zikichuruzika hadi kwenye kiwiko, alisema nini? "Samahani, msimamizi. Samahani sana. Makosa yangu. Nimechafua shuka."

Aliyasema mbele ya kiwanda kizima. Wenzake wengine walilia kwa maumivu yake, wengine walilia kwa maneno hayo.

Alilazwa, akashonwa, akafungwa bendeji nene mkononi. Msimamizi alikwenda kumwona, akakaa ukingoni mwa kitanda akitazama viatu vyake, akaondoka bila kusema la maana. Alipopata nafuu kidogo Bi Samahani alikwenda kiwandani kuuliza habari za matibabu na lini arudi. Akaitwa ofisini kwa meneja. Meneja hakumkaribisha kiti.

"Mama, tumechunguza," akasema. "Uliumia kwa uzembe wako. Ulikiri mwenyewe, watu wote walisikia. Kampuni haiwezi kubeba uzembe wa mtu, wala haiwezi kukaa na mfanyakazi mzembe kwenye mashine ya moto. Kazi imeishia hapo."

Uzembe! Neno hilo lilimwingia kuliko rola. Alisimama pale akitafuta pa kushika. Halafu mazoea yakamtoa: "Samahani kwa usumbufu, bosi." Akafunga mlango taratibu asije akawapigia kelele.

Nyumbani aliishi na wifi yake, dada wa marehemu mumewe. Wale wanaosema mawifi hawapatani waje wawaone hawa wawili. Baada ya msiba kila mtu alitegemea dada mtu ataondoka na vyombo; yeye aliondoka kwake na kitanda chake akahamia kwa mjane. Aliuza viatu vya mitumba sokoni, na ulimi wake ulijulikana tangu lango la soko hadi mwisho wa safu. Jioni hiyo alikuwa amekaa sakafuni akipaka viatu rangi.

"Wamekufukuza," alirudia polepole. "Na mkono huo hivyo hivyo. Halafu wewe ukasemaje?"

"Nikasema samahani kwa usumbufu."

Wifi akaweka kiatu chini. "Ee Mola wangu! Kaka yangu alioa mke au alioa mto wa kukalia? Kila mwenye makalio anakaa!"

"Wifi, usipaze sauti, majirani..."

"Majirani wasikie! Wasikie wote! Kesho tunakwenda kwa yule binti wa sheria."

Bi Samahani alisema hana nguvu ya kushtakiana na watu. Alisema kazi zipo nyingi. Halafu akautazama ule mkono, na sauti yake ikabadilika. "Lakini wifi, mimi si mzembe. Waseme lolote jingine. Mimi si mzembe." Akalia. Wifi akamwacha alie, akaendelea kupaka kiatu kilekile ambacho kilishang'aa.

Yule binti wa sheria alikuwa mwanasheria kijana wa msaada wa kisheria, anayekaa kwenye chumba kimoja kando ya ukumbi wa mtaa, feni moja na benchi moja, na hamtozi asiye nacho. Alimsikiliza Bi Samahani mpaka mwisho bila kumkatiza. Kisha akauliza.

"Mashine ni ya nani, mama?"

"Ya kampuni."

"Na kile chuma, nani alikitoa?"

"Msimamizi."

"Mlipofanya kazi bila chuma, mlikuwa mnavunja amri au mnatii amri?"

Bi Samahani alifikiri. Swali hilo hakuwa amelifikiria. "Tulikuwa tunatii," akasema. "Ukikataa kusimama pale unaambiwa rudi kwenu."

"Basi nisikilize. Mwajiri ndiye mwenye wajibu wa kuhakikisha mashine haimli mfanyakazi. Si hisani yake, ni wajibu wake. Ukiumia kazini una haki ya kutibiwa na ya kupata fidia. Na mtu haachishwi kazi kwa kuitwa ofisini dakika moja na kutamkiwa neno. Anaelezwa kosa, anapewa nafasi ya kujitetea, anakuja na mwenzake wa kumsimamia ikibidi. Wewe hukupewa. Cheti cha hospitali kipo? Kitunze. Na kuanzia leo, mtu wa kampuni akikuletea karatasi usaini, usisaini hata kama inasema heri ya mwaka mpya. Niletee kwanza."

Wifi akapiga goti lake kofi. "Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni!"

"Ila kuna jambo moja linanitia wasiwasi," akasema mwanasheria, akikuna shingo kwa kalamu. "Ile samahani. Na lile 'makosa yangu'. Watalishika hilo kama mtu anayezama anavyoshika unyasi. Mama, siku ya kikao, tafadhali, neno hilo liache nyumbani."

"Nitaliacha, mwanangu. Samahani kwa—" Akaziba mdomo.

Ndipo yakaanza mafunzo. Wifi alijitwika ualimu, na alikuwa mwalimu mkali. Asubuhi akipita jikoni anamkanyaga mwenzake makusudi. "Samahani, wifi," anasema Bi Samahani. "Umefeli!" Anamgonga na mlango. "Samahani." "Umefeli tena!" Anamwagia maji ya kuoshea vyombo kwenye kanga. "Loo, samahani, nilisimama vibaya." Wifi akashika kiuno, akamtazama yule mama aliyelowa, na wote wawili wakaanza kucheka mpaka wakashikana mabega. Lakini usiku wakiwa wamelala kila mmoja kitandani kwake, Bi Samahani alisema gizani, "Hivi nikilitamka siku ile, itakuwa nimejimaliza mwenyewe?" Wifi, ambaye siku zote ana jibu, alijifanya amelala.

Kikao kilikuwa kwenye ofisi ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, ghorofa ya juu, chumba chenye meza ndefu na pazia lililotoka kwenye ndoano zake upande mmoja. Bi Samahani aliliona pazia hilo mara tu alipoingia, na vidole vyake vizima vikamwasha kulinyoosha. Msuluhishi alikuwa mzee mwembamba anayevua miwani kila anapotaka kusikia vizuri. Upande wa pili wa meza alikaa meneja, na pembeni yake msimamizi, shati limembana. Na nyuma yao, kwenye kiti cha ukutani, alikaa Twiga.

Bi Samahani alimwona Twiga, akaelewa. Kampuni ndiyo iliyomleta. Hakumlaumu. Twiga ana watoto, na mwajiri akikuambia uje, unakuja.

Meneja alizungumza kwanza, na alizungumza vizuri, mwacheni. Alisema kampuni inasikitika, ni kama familia moja, lakini mhusika alisukuma mkono mahali asipopaswa, na papo hapo, bila kulazimishwa na mtu, alikiri kosa. "Shahidi wetu alikuwa pembeni yake. Aseme mwenyewe."

Twiga akasimama, na kwa urefu wake ilichukua muda. Msuluhishi akamuuliza kama ni kweli alimsikia mwenzake akisema ni makosa yake.

"Kweli, mzee. Nilimsikia. Alisema samahani, makosa yangu."

Meneja akaegemea kiti. Wifi, aliyekaa nyuma ya Bi Samahani, akatoa sauti kama ya mtu aliyemeza jiwe.

"Kuna jingine unalolikumbuka?" akauliza msuluhishi, kwa desturi tu, kalamu yake ikiwa inaandika.

"Jingine?" Twiga akamtazama meneja, akamtazama Bi Samahani, akatazama ule mkono uliofungwa. "Basi niseme yote, maana nimeambiwa niseme kweli. Aliniomba na mimi samahani kwa kunishtua. Tulipomwingiza kwenye gari alimwomba dereva samahani kwa damu kwenye kiti. Tulipofika hospitali alimwomba daktari samahani kwa kumtoa kwenye chakula chake. Mzee, huyu mama tunamwita Bi Samahani. Sasa kama samahani ni kukiri, basi yeye ndiye aliyeharibu barabara ya mtaani kwetu, maana gari liliporuka shimo aliomba radhi pia."

Msuluhishi akavua miwani. Meneja akasema kwa haraka kwamba hayo ni mambo ya pembeni, na katika haraka hiyo akampa msimamizi ishara azungumze. Msimamizi, jasho likimtoka, akanyoosha mkono kuvuta bilauri ya maji, akaipiga kikumbo. Bilauri ikaanguka, maji yakapita juu ya meza, yakatiririka mpaka kwenye suruali ya meneja.

"Samahani!" akasema Bi Samahani.

Alikuwa upande wa pili wa meza. Mikono yake yote miwili ilikuwa mapajani.

Wote wakamgeukia. Bi Samahani akaziba mdomo. Amejimaliza. Mafunzo yote yale, kanga iliyolowa, bure. Akainamisha kichwa akisubiri wifi amrukie. Ndipo akasikia sauti ya ajabu, kavu, kama ya mlango mzee, akainua macho. Msuluhishi alikuwa anacheka. Alijaribu kujizuia, akafuta macho, akashindwa. Mwanasheria naye akawa anauma midomo. Wifi hakujaribu hata kujizuia.

"Mama," akasema msuluhishi alipopata pumzi, "na hayo maji nayo umeyamwaga wewe?"

"Hapana, mzee."

"Basi kwa nini umeomba radhi?"

"Kwa sababu yamemwagika, mzee. Mtu amelowa."

Msuluhishi akaandika kitu, akakipigia mstari. Meneja aliyeona yanayoandikwa akaomba mapumziko mafupi.

Walisimama koridoni, karibu na ngazi. Haikupita muda meneja akawafuata, suruali bado ina doa, na safari hii sauti yake ilikuwa ya ndugu. Hakukuwa na haja ya kurefusha mambo, alisema. Mama arudi kazini. Hospitali kampuni itagharamia. Yaishe kifamilia. "Ila kwenye makubaliano lile neno libaki, kwamba ulikuwa uzembe ulioukubali, na kampuni kwa huruma yake imekusamehe. Ni maneno tu, mama. Hayakupunguzii kitu." Akaondoka awaache wafikiri.

Na hapa mjue binadamu hatabiriki, maana aliyelegea kwanza ni wifi. Yeye ndiye anayejua soko limelala kiasi gani, na chakula kimepungua vipi jikoni. "Chukua, wifi," akasema kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwake. "Heri nusu shari. Kazi unarudishiwa, mkono unatibiwa. Maneno ni upepo."

Mwanasheria hakumsukuma popote. "Uamuzi ni wako, mama, si wangu wala si wa wifi yako. Nikuambie ukweli: ukikataa, shauri linaweza kwenda mbele zaidi, na huko mbele ni mbali, na mimi siwezi kukuahidi ushindi. Ukikubali, neno uzembe litabaki kwenye jina lako. Na wakishaandika kosa ni lako, hakuna atakayewalazimisha kurudisha kile chuma."

Bi Samahani alitazama chini ya ngazi. Twiga alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mwisho, peke yake, ameshika tama. Kesho Twiga atasimama mbele ya rola zile. Na yule msichana mgeni aliyemkuta mahali pake siku alipofukuzwa, ambaye yeye hakumfundisha, naye atasimama pale.

"Wanisamehe," akasema taratibu. "Wanisamehe lipi?"

"Wifi..."

"Hapana, wifi yangu. Kuomba radhi naomba kila siku, ni ulimi wangu. Lakini kusamehewa kosa la mtu mwingine, hilo siliwezi. Mashuka yote yale niliyonyoosha, mtu akalale juu yake akijua ni ya mzembe? Tutakula kidogo. Tumeshawahi kula kidogo."

Wifi akamtazama kana kwamba ndiyo kwanza anatambulishwa kwake. Kisha akajifunga kanga upya, akajikaza. "Haya. Twende basi. Nani anaogopa kula kidogo?"

Waliporudi ndani, msuluhishi aliuliza kama wamefikia mapatano. Mwanasheria akafungua mdomo, lakini Bi Samahani alikuwa ameshasimama. Hakushika meza. Mkono wenye bendeji aliuweka mbele yake, uonekane.

"Mzee, naomba niseme mimi. Samahani nilisema, na sikatai. Nililelewa hivyo, na sitaomba radhi kwa kulelewa vizuri. Lakini samahani yangu haikufungua chuma kwenye mashine. Spana haikuwa mkononi mwangu. Nilisimama pale niliposimamishwa, nikafanya kazi niliyopewa, na niliifanya kuliko mtu yeyote katika jengo lile. Aulizwe yeyote. Aulizwe hata msimamizi. Mimi nataka mkono wangu utibiwe kwa haki, si kwa huruma. Nataka kazi yangu. Nataka neno uzembe lifutwe. Na kile chuma kirudi kabla mtu mwingine hajasogea pale. Nimemaliza."

Akakaa. Mkono wenye bendeji aliuacha pale mezani.

Msuluhishi akageukia upande wa pili. "Msimamizi. Chuma hicho kiko wapi?"

Meneja alitaka kujibu. Msuluhishi akainua kidole. "Nimemuuliza yeye."

Msimamizi alitazama maji yaliyobaki mezani. Alifunga na kufungua mikono yake. Pengine aliukumbuka ule ukingo wa kitanda hospitalini. Njia ya mwongo ni fupi, na yeye alikuwa amechoka hata kuianza.

"Kipo stoo, mzee," akasema. "Nyuma ya mapipa ya sabuni. Hakikuwahi kwenda kwa fundi. Niliambiwa mashine isisimame-simame." Hakumtazama meneja, wala haikuhitajika. "Na huyu mama si mzembe. Hajawahi kuwa. Ni yeye aliyenifundisha mimi kukunja shuka nilipoanza kazi."

Twiga pale ukutani alifunika uso kwa viganja. Wifi akasema "Alaa!" kwa nguvu mpaka karani wa chumba cha pili akachungulia.

Makubaliano yaliyofikiwa siku hiyo hayakuwa na huruma ndani yake hata chembe. Kuachishwa kazi kulifutwa. Matibabu yakawa ya kampuni, na fidia ya vidole ikapangwa ifuate tathmini ya daktari na sheria, si moyo wa mtu. Neno uzembe halikuonekana popote. Mwanasheria alilitafuta mstari kwa mstari, kisha akamsomea Bi Samahani kwa sauti kabla hajaweka dole gumba. Na mashine ilikatazwa kuwashwa bila kinga yake.

Wifi alimtangaza sokoni siku tatu mfululizo. Mteja akija kununua kiatu, kwanza anasimuliwa. "Ni wifi yangu huyo!" alikuwa akimalizia, akijipiga kifua, kama vile yeye hakuwahi kutamka habari za nusu shari.

Mkono ulipona kadiri ulivyoweza. Vidole viwili havikunyooka tena sawasawa, na Bi Samahani hakuvificha. Alipanga mashuka navyo, aliwaelekeza wageni navyo. Asubuhi aliyorudi, kiwanda kizima kilikuwa kimesimama mbele, hata wa mashine za nyuma. Chuma kilikuwa kimechomelewa, kimepakwa rangi, kimefungwa mahali pake. Msimamizi alikuwa amepiga magoti akikaza skrubu ya mwisho. Alipomwona akainuka, akafuta mikono kwenye suruali, akasogea mpaka mbele yake, watu wote wakimsikia.

"Mama," akasema, "niwie radhi. Kosa lilikuwa langu."

Kila mtu alijua kinachofuata. Walimjua mama yao. Sasa atasema "Hamna neno, baba, yameisha," na pengine atamwomba radhi kwa kumfanya aombe radhi. Twiga alishafumba macho akisubiri.

Bi Samahani alimtazama msimamizi. Hakuwa na hasira usoni. Maneno ya zamani yalifika mpaka ncha ya ulimi, akayameza.

"Nimesikia, msimamizi," akasema. "Sasa washa tuone kama inasimama."

Akaiwasha. Rola zikaanza kuzunguka, mvuke ukapanda, na wenzake wakarudi nyuma hatua moja. Bi Samahani alisogea mbele. Akaunyoosha mkono uleule ulioumia, akakigusa chuma, na mashine ikasimama.